Siku Hiyo Mtoto Atakuwa Wapi? Bi Ratiba Anatuaga

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhudumia watoto katika idara yetu, mwenzetu ambaye jina lake halisi linajulikana na karani wa mishahara tu atastaafu rasmi tarehe 31 Desemba. Sisi wengine tunamwita Bi Ratiba. Watoto wa makao wanamwita hivyo, polisi wa dawati la watoto wanamwita hivyo, na hata hakimu siku moja aliteleza ulimi akamwita hivyo mbele ya mahakama, karani naye akaandika vilevile kwenye kumbukumbu. Haijafutwa mpaka leo.

Mwandishi wa wasifu huu amekaa naye chumba kimoja, meza kwa meza, kwa miaka mingi kuliko anavyopenda kukiri. Amepewa kazi hii kwa sababu mbili: anamfahamu mstaafu, na wengine wote walipoombwa waliingia mitini. Mkuu wa ofisi amemwonya asitie chumvi. Atajitahidi, ingawa kwa Bi Ratiba hakuna haja ya chumvi, mambo yake yamekolea yenyewe.

Alianza kazi kama afisa ustawi wa jamii msaidizi katika makao ya watoto yaliyo nyuma ya ofisi hizi. Wiki ya kwanza watoto walimfichia viatu ili wamwone akikasirika. Yeye alifanya kazi kutwa nzima peku, akapokea wageni peku, akaingia kwa mkuu wa makao peku, wala hakuuliza. Jioni viatu vilirudi mlangoni vyenyewe, vimefutwa vumbi. Matroni wa wakati ule alikuwa akisema kwamba siku hiyo ndiyo alijua huyu binti atakaa.

Kutoka makaoni alihamishiwa kitengo cha mahakama, kazi ya kuwasindikiza watoto wenye mashauri. Wakati huo hatukuwa na gari la watoto. Mtoto aliyekuwa na shauri alipakiwa kwenye karandinga pamoja na mahabusu watu wazima, akakaa humo na macho yakimtoka. Bi Ratiba aliandika maombi ya gari, akajibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Akachoka kungoja. Kila karandinga lilipokuja akawa anapanda yeye kwanza, na mkoba wake na mwavuli wake, anajibanza katikati ya mtoto na mtu mwenye pingu, halafu anaanza kumhoji huyo mwenye pingu: ana watoto wangapi, wanasoma wapi, mara ya mwisho amewaona lini, kwa nini hawaandikii. Safari nzima hivyo, kwenda na kurudi. Inasemekana mahabusu wenyewe ndio waliokuwa wa kwanza kumwomba mkuu wa kituo amtafutie huyu mama gari lake. Likapatikana. Ndilo lile jeupe ambalo mlango wake wa nyuma hadi leo unafungwa kwa kubembelezwa.

Baadaye alipewa uratibu wa mipango ya mwaka, na hapo ndipo lilipotokea kosa. Bi Ratiba mwenyewe anataka lisimuliwe, na ametishia kususia sherehe likiachwa.

Mwaka wake wa kwanza katika uratibu alitengeneza ratiba iliyopendeza machoni, kila mwezi na rangi yake. Ndani yake aliweka Siku ya Familia: wazazi na ndugu waje makaoni, wakae na watoto wao tangu asubuhi hadi jioni. Aliipanga Jumatano, kwa kuwa Jumatano magari yote yanakuwa huru, mgeni rasmi ana nafasi na turubai la kukodi halijachukuliwa na mtu. Kila kitu kilifikiriwa, isipokuwa kwamba Jumatano ni siku ya gulio, na karibu kila mama, bibi na shangazi wa watoto wale anaishi kwa gulio.

Watoto wakaogeshwa, wakapakwa mafuta, wakapangwa mbele ya geti. Viti vya wageni vikabaki vitupu chini ya turubai. Muda ulipozidi kwenda, mgeni rasmi akaona aanze tu. Akasoma hotuba yake juu ya umuhimu wa familia mbele ya mpishi, mlinzi na sisi watumishi. Alipofika kwenye maneno “wazazi wapendwa” alisita, akafunua ukurasa unaofuata. Ndipo mtoto mmoja mdogo akamgeukia matroni na kumuuliza, kwa sauti ambayo wote tuliisikia, kama mama yake amemkasirikia.

Bi Ratiba hakungoja hotuba iishe. Alimnong'oneza matroni, matroni akakunja uso, kisha akaukunjua. Dakika chache baadaye watoto wote walikuwa wamepakiwa kwenye kila chenye magurudumu, pamoja na gari la mgeni rasmi, na msafara ukaelekea gulioni. Wale mama walivyoona watoto wao wakishuka! Mwandishi ana maneno mengi lakini kwa hilo hana. Alichokiona kwa macho yake ni mgeni rasmi, na suti yake na tai yake, akiuza vitunguu ili mama mmoja apate kukaa kwenye gunia na wanawe wawili. Mafungu yake yalikuwa makubwa mno, wateja wakajazana, mpaka yule mama akamwomba kwa heshima zote apumzike kidogo.

Tuliporudi ofisini Bi Ratiba alilia, na hakujificha. Alisema amepanga siku nzima ya watoto bila kujiuliza watoto watakuwa wapi na watu wao watakuwa wapi. Kisha akachukua penseli na kifutio, akaanza kuipanga upya ratiba yote, tangu Januari.

Tangu mwaka ule kikao chetu cha mipango hakifanyiki tena ukumbini. Wageni wa idara hushangaa wanapoelekezwa kwenye chumba cha kusubiria cha watoto, chenye michoro ya twiga ukutani na mabenchi mafupi. Mabenchi hayo yalitengenezwa na mumewe, ambaye ni fundi seremala, kwa kipimo cha mtoto wa darasa la tatu. Bi Ratiba hakubali kiti kingine kiingizwe. Mkuu wa polisi wilaya amekaa pale magoti yakimfika kidevuni. Daktari amekaa pale. Mkuu wetu wa ofisi, ambaye huinama ili aingie stoo, hukaa pale siku zote tatu za kikao na kulalamika mgongo hadi mwisho wa wiki, na malalamiko yote hupelekwa kwa fundi seremala, ambaye hujibu kwamba benchi halina tatizo.

Sharti la pili ni gumu zaidi. Hakuna jambo linaloandikwa kwenye bango la mwaka, yale makaratasi ya manila yaliyounganishwa ukuta mzima, mpaka mwenye jambo lake ajibu swali moja: siku hiyo mtoto atakuwa wapi? Ukijibu, linaandikwa kwa penseli. Wahusika wakishaulizwa na kuridhia, linaandikwa kwa wino. Kwa swali hilo tuligundua kwamba mashauri ya watoto yalikuwa yakiangukia wiki ya mitihani. Kwa swali hilo tuligundua kwamba semina zetu zote tumezipanga wakati wa likizo za shule, yaani wakati watoto wako majumbani na simu yetu haikauki. Mwandishi huyu alipoteza semina moja nzuri sana ya hotelini kwa ajili ya swali hilo, na kinyongo hakijamtoka chote.

Msidhani kwamba aliyeipanga miaka ya wenzake aliweza kuupanga wa kwake. Likizo yake aliiandika kila mwaka kwa penseli, na hatukuwahi kuiona ikifika kwenye wino. Miwani yake huitafuta ikiwa kichwani. Mkoba wake una biskuti za watoto, nyuzi na sindano, soksi za ziada za saizi tatu, na akiombwa kalamu hana. Chakula chake cha mchana hukila saa kumi na kukiita cha mchana bado. Wajukuu wake walishajua kwamba wakitaka kumwona siku ya kazi waje ofisini wakae kwenye benchi kama watoto wengine, na walikuja, na zamu yao ilifuatwa kama ya wengine.

Pamoja na hayo yote, idara hii inadaiwa naye mambo ambayo sasa tunayaona ya kawaida. Mtoto hasubiri tena kwenye korido moja na watu wazima wenye pingu. Mtoto aliyepokelewa na afisa mmoja humalizana na afisa huyo huyo, harushwi kutoka meza hadi meza kusimulia masaibu yake upya. Ripoti ya mtoto haipelekwi kwa hakimu kabla mtoto mwenyewe hajasomewa. Bi Ratiba hakuyaleta peke yake, na atanuna tukimpa sifa zote, lakini ndiye aliyekaa kwenye benchi akikataa kuinuka mpaka yakubaliwe.

Sasa tuje kwenye kikao cha mwaka huu, cha mwisho kwake. Hapa lazima tumzungumzie mtoto mmoja. Tunafanya hivyo kwa ruhusa yake na ya bibi yake, na yapo mambo tumeyaacha makusudi.

Ni binti wa miaka kumi na miwili. Mama yake alipofariki alichukuliwa na baba yake mdogo, mwenye duka la viatu, na badala ya kupelekwa shule akawekwa dukani. Siku moja alivaa jozi moja kutoka rafuni akaanza safari kwa miguu kwenda kwa bibi yake mzaa mama, mbali. Baba mdogo akaripoti wizi. Suala la viatu lilikwisha mapema: vilirudishwa, na hakimu alisema hakuona mwizi, aliona mtoto aliyekuwa na safari ndefu. Kilichobaki ni jambo kubwa zaidi, nalo ni wapi binti huyu ataishi. Baba mdogo anamtaka arudi, anasema amekwisha kusamehe, na nyumba yake ina vyumba na umeme. Bibi ana chumba kimoja, mguu mbovu, na anamtaka mjukuu wake. Mahakama inapaswa kumsikia mtoto mwenyewe.

Tatizo ni kwamba binti haongei na watu wazima. Na watoto wenzake anacheza na kucheka, ila mtu mzima akikaribia anafunga mdomo na kutazama miguu ya huyo mtu. Tangu afike kwetu aliongea na mkubwa mmoja tu, na mkubwa huyo ni Bi Ratiba. Akinyamaza siku ya shauri, hakimu atabaki na makaratasi, na kwenye makaratasi baba mdogo ana nyumba nzuri.

Shauri limepangwa Februari. Tuliomba lisikilizwe mapema, kabla Bi Ratiba hajastaafu, hakimu akakataa, na sababu yake ilikuwa ya kweli: ripoti ya nyumba ya bibi na nafasi ya shule mpya hazijakamilika, na kuharakisha kungemuumiza bibi mwenyewe.

Basi siku ya pili ya kikao Bi Ratiba alisimama mbele ya bango, akaandika tarehe ile ya Februari kwa penseli. Afisa wetu mpya, dada atakayerithi meza yake, akanyoosha mkono kutoka benchi la mwisho.

“Samahani mama, siku hiyo mtoto atakuwa wapi?”

Bi Ratiba akajibu kwamba atakuwa mahakamani. Yule dada akauliza tena: “Na wewe?”

Kwa miaka yote hiyo swali lile lilikuwa likitoka kwake kuja kwetu, halikuwahi kwenda kwake. Bi Ratiba aliketi kwenye benchi, akavua miwani, akasema hajui. Mwandishi hakuwahi kumsikia akisema hivyo, na alitamani asingelisikia.

Tukaanza kuropoka, kama tunavyofanya tukiogopa. Mmoja akasema aongezewe mkataba wa miezi michache. Mkuu alikuwa amekwisha kuulizia, na utumishi wamekataa. Hata Bi Ratiba mwenyewe alikataa, na kwa ukali. Alisema akibaki kwa ajili ya huyu, atabaki kwa ajili ya anayefuata, mwisho tutamzika na bango. Halafu akakumbuka sharti lake mwenyewe, kwamba jambo la penseli hupelekwa kwa mhusika. Akamshika yule dada mkono, wakatoka kwenda makaoni, sisi tukabaki tumeshika tama kwenye mabenchi mafupi.

Walimkuta binti mlangoni mwa bweni akipanga viatu vya wenzake jozi kwa jozi, kazi anayoifanya kila siku bila kuambiwa. Bi Ratiba alikaa chini karibu naye, akamweleza moja kwa moja kwamba Februari hatakuwa na kazi hii tena. Alimweleza pia kwamba chumba cha shauri la mtoto hufungwa, hawaingii watu ovyo, ila watumishi wa mahakama na wa idara upande mmoja, na ndugu upande wa pili. Binti akaendelea kupanga. Kisha akauliza kama mtu akistaafu anakatazwa kukaa upande wa ndugu.

Bi Ratiba akasema hapana, hakatazwi, akiletwa na ndugu.

“Basi kaa na bibi,” binti akasema. “Bibi hana mtu wa kukaa naye.”

Halafu akainua macho, akamtazama yule dada mgeni, usoni na si miguuni, na kumwambia neno lake la kwanza: “Na wewe utakaa na mimi?”

Dada alijibu ndiyo. Alijibu kwa kichwa, kwa sababu sauti haikutoka, na hilo lilimfurahisha sana binti, ambaye kumbe hakuwahi kuona mtu mzima akikosa sauti.

Tangu siku hiyo wawili hao wanakutana kila Jumanne kwenye chumba cha twiga. Mara ya kwanza waliongea habari za viatu tu: vipi vinabana, vipi vinadanganya kwa rangi lakini havidumu. Mara ya tatu binti alisimulia ile safari, mpaka pale miguu ilipovimba, na kwa nini alikuwa anakwenda. Wiki iliyopita aliongea kwa muda mrefu hadi dada akakosa chakula cha mchana, akaja ofisini kutulalamikia njaa huku meno yote nje. Bi Ratiba hakuingia chumbani hata mara moja. Alikaa meza yake, karibu na ya mwandishi, akijifanya anasoma faili, nalo faili limegeuzwa juu chini.

Bibi aliulizwa kama angependa asindikizwe na mtu siku ya shauri. Alisema anamtaka yule mama wa mwavuli. Hakimu naye ameridhia, kwa sharti moja tu, kwamba asinyooshe mkono kuuliza maswali.

Kwa hiyo ukipita leo kwenye chumba cha kusubiria, utaona bango la mwaka ujao limekamilika. Zipo ziara za majumbani, zipo siku za kliniki, ipo Siku ya Familia iliyopangwa Jumapili. Kwenye ile tarehe ya Februari, upande wa watumishi, limeandikwa jina la yule dada. Upande wa ndugu wameandikwa wawili: Bibi, na Bi Ratiba. Aliyeandika ni binti mwenyewe, na ameandika kwa wino.

Hatujui mahakama itaamua nini, na hatutajifanya tunajua. Tunajua kwamba atakaposimama atakuwa na la kusema, na atakuwa na wa kumsemea akichoka, na akigeuka nyuma ataona nyuso mbili za kwao. Mwaka mpya kuanza hivyo, sisi tunauona umeanza vizuri.

Bi Ratiba, wenzako tunakushukuru. Tunakushukuru kwa penseli na kwa kifutio, kwa biskuti ulizotunyima ukisema ni za watoto, kwa magoti yetu uliyoyatesa, na kwa kila mtoto aliyelala kwao kwa sababu wewe uliuliza mapema. Tunamshukuru pia mzee wako, fundi wetu, aliyekuazima kwetu kwa miaka hii yote na kupewa lawama za mabenchi. Nenda ukale chakula cha mchana mchana. Wajukuu wakuone bila kupanga foleni. Chukua ile likizo uliyokuwa ukiiandika na kuifuta.

Tunakutakia maisha mema na mapumziko marefu, kasoro siku moja ya Februari. Siku hiyo tunajua mtoto atakuwa wapi. Na wewe tumekuwekea nafasi: benchi la ndugu, karibu na bibi, na safari hii ni benchi la watu wazima.